Re: Kipimo cha kuona kama mbegu zinashika yai, Malindi kipo?

Wa alaykum salaam ndugu. Nimekusoma: kipimo cha manii umefanya mara moja kikatoka sawa, mkeo mirija na homoni ziko sawa, miaka miwili mnasubiri, na sasa umeambiwa kuna kipimo cha kuangalia kama mbegu zinanata kwenye yai. Kipo kweli, lakini Malindi usikitafute, wala usipande matatu ya Mombasa kwa ajili yake. Kinahitaji mayai ya binadamu, na mayai hayo kwa kawaida hupatikana palipo na maabara ya IVF, yaani ya kutungisha mimba nje ya mwili.

Kinaitwa hemizona, na walioeleza ni Burkman na wenzake wa Norfolk, Marekani, mwaka 1988. Yai la mwanamke limezungukwa na utando mnene, zona pelusida, na mbegu lazima ishike hapo kwanza kabla ya kupenya. Maabara huchukua yai lililokufa, mara nyingi lililobaki kwenye matibabu ya IVF bila kutunga mimba, likahifadhiwa kwenye maji ya chumvi kali. Yai limekufa lakini zona yake bado inashika mbegu. Chini ya hadubini, kwa kisu kidogo mno kinachoendeshwa na mashine, zona hupasuliwa katikati. Yai zima lina upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo fundi akiteleza kidogo nusu moja huwa kubwa kuliko mwenzake na hesabu yote imeharibika.

Nusu moja huwekwa kwenye tone la mbegu za mgonjwa, nusu ya pili kwenye tone la mbegu za mwanamume aliyethibitika kuzalisha. Mbegu zote zimeshaoshwa, na zimelinganishwa ziwe 500,000 zinazosogea kwa kila mililita. Hapo ndipo wengi hukosea: tone moja likiwa na mbegu nyingi kuliko jingine, unapima wingi, hupimi kushika. Zinakaa saa 4 kwenye inkubeta, nyuzi 37, hewa ya kaboni dioksidi 5%. Kisha kila nusu hunyonywa na kutemwa mara kadhaa kwa pipeti nyembamba ili zilizojigusisha tu zidondoke. Zinazobaki upande wa nje ndizo zinazohesabiwa, za ndani hazihesabiki.

Hesabu ni hii: za mgonjwa gawanya kwa za mwenzake, zidisha kwa 100. Zikinata 16 kwa mgonjwa na 80 kwa mwenzake, jibu ni 20. Chini ya 30 hivi ni dalili mbaya, ingawa kila maabara ina mpaka wake. Na kama hata za yule wa kulinganishia zimenata chini ya 20, yai lenyewe au mbegu zake zina kasoro: tupa, anza upya. Sababu ya kulipasua yai moja badala ya kutumia mawili ni kwamba mayai hayafanani, moja linaweza kushika mbegu nyingi mno na jirani yake chache tu. Kwa sababu hiyohiyo jibu la yai moja usiliamini.

Ukisikia habari za mayai ya hamsta, hicho ni kitu kingine. Hapo zona imeondolewa kabisa, kwa hiyo kinaonyesha mbegu kuungana na yai, si kunata kwenye zona. Mtu anaweza kufaulu kimoja na kufeli kingine.

Sasa swali langu kwako: jibu likitoka baya, utafanya nini? Dawa ya kurekebisha mbegu zisizonata haipo. Kupandikizwa mbegu ndani ya mfuko wa uzazi hakusaidii, kwa sababu mbegu bado italazimika kuishika zona yenyewe. Kinachobaki ni ICSI, mbegu moja kuchomwa ndani ya yai kwa sindano. Tangu ICSI ianze kuzaa watoto mwaka 1992, kipimo hiki kimepoteza soko, maana njia ya kuliruka tatizo ni ileile ukipima usipime.

Kwa hiyo pesa zako ziweke pengine. Kwanza rudia kipimo cha kawaida, kimoja hakitoshi. Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii, toa kwa mkono bila mate, sabuni wala mafuta, yote yaingie kwenye kikopo (tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi, likimwagika sema). Kama huwezi kutolea palepale maabara, kikopo kiwe mfukoni karibu na mwili na kifike ndani ya saa moja. Kwa joto letu la Malindi, kikopo kilichoachwa kwenye gari juani kinapika mbegu, na cha kwenye barafu kinazigandisha; ripoti ya "hazisogei" nyingine ni hiyo tu. Wa Lamu anayevuka kwa boti na asubuhi ya upepo asijaribu kabisa, atolee hospitalini.

Halafu uliza kama mbegu zinashikamana zenyewe kwa zenyewe. Kama ndiyo, ombeni kipimo cha MAR, cha kingamwili zinazozing'ang'ania mbegu. Hizo nazo huzuia kushika yai, na kupima ni rahisi zaidi kuliko hemizona.

Mkifika IVF, muombe mayai yagawanywe: mengine yawekwe na mbegu kawaida, mengine ICSI. Asubuhi yake, saa 16 hadi 18 baadaye, mtaalamu wa maabara hiyo ataangalia yapi yameonyesha viini viwili, dalili kwamba yametunga. Kama ya kawaida hayakutunga hata moja ilhali yalikuwa yamekomaa, muulize jambo moja: zona zake zina mbegu zilizonata au ni tupu? Tupu kabisa, huku mbegu zikiogelea pembeni vizuri, ndiyo hemizona yako hiyo, na hujalipa zaidi. Zikiwa zimejaa mbegu lakini hakuna iliyopenya, basi kasoro iko kwenye hatua inayofuata baada ya kunata, mara nyingi kwenye akrosomu, ile kofia ya kichwa cha mbegu. Jibu hilo liandikwe kwenye faili, mzunguko unaofuata uanzwe na ICSI kwa mayai yote.