Tairi la Elfu Hamsini

Juzi usiku kijana mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma, kaniandikia: "Kaka shikamoo. Nimepata matairi mtumba manne ya Noah, kashata bado nene kabisa, elfu sitini kila moja. Nichukue?" Kashata ni yale matuta ya mpira yanayokanyaga barabara. Kaambatanisha na picha, tairi linang'aa, limepakwa ile dawa nyeusi. Nilitaka kumjibu mistari miwili, nikajikuta saa saba za usiku bado naandika. Kwa hiyo jibu lake nalileta hapa, maana najua wengi wenu mko hatua hiyohiyo: gari la kwanza limetoka bandarini, mkopo unadai, na unataka lianze kuleta hela leo. Nimepita hapo.

Noah yangu ya kwanza niliinunua 2019. Serikali ilikuwa imeshahamia Dodoma, wageni wanaongezeka, na mtu mwenye gari safi hakukosa abiria wa kupeleka Morogoro au Singida. Sitawachosha na nilivyoihangaikia hela yake. Niseme tu kwamba mwaka uliofuata nilikuwa nimeshaanza kutafuta ya pili, na hapo ndipo ujanja uliponiingia. Matairi yalikuwa yameisha. Mapya niliambiwa zaidi ya laki moja na nusu kila moja. Kwenye duka jingine, silitaji, nikaonyeshwa ya mtumba kwa elfu hamsini. Nikaingiza ukucha kwenye kashata, ukazama. Nikaona wanaonunua mapya hawajui maisha.

Agosti 2021 mama mkwe alikuwa amemaliza miezi miwili kwetu akimhudumia mke wangu baada ya uzazi. Wakaja kumchukua dada zake wawili, shemeji yangu na mkewe na watoto wao wawili. Nikasema haiwezekani mama mkwe arudi Kihonda, Morogoro, kwa basi wakati mkwewe ana Noah. Tukawa tisa na kichanga. Juu nikapakia makreti ya zabibu za Hombolo, gunia la karanga na ubuyu. Kiti cha mbele nilimpisha mama mkwe, akakataa. Heshima yetu mnaijua, akakaa nyuma yangu, mke wangu na mtoto wakaja mbele.

Kabla ya kutoka mjini nikapita kijiwe cha pancha. Fundi akazunguka gari, akapiga matairi teke, akasema, "Bosi, kwa jua hili na mzigo huu, tupunguze upepo kidogo, lisije likapasuka." Nikamshukuru. Nikampa na buku ya soda.

Tulipita Chamwino, tukapita Mbande, Kibaigwa tukanunua maji. Kuelekea Pandambili barabara ilinyooka, saa sita mchana, nami nilikuwa kwenye mia moja. Nakiri. Kwa mwendo huo gari linakwenda karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo msidhani nilipata muda wa kufikiri. Nilisikia mlio kama bunduki, nyuma kushoto. Mkia wa gari ukaanza kuniacha, nami nikafanya kile ambacho mguu hufanya wenyewe: nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Likazunguka, likatoka barabarani, likalala ubavu.

Mungu si Athumani, hakuna aliyekufa. Lakini nilipogeuka nilimwona mama mkwe amelowa wekundu kuanzia kwenye kilemba hadi kifuani, kimya, macho yamefumba. Nilipiga ukelele ambao mke wangu anasema hajawahi kuusikia kwangu, wala siku ya msiba wa baba. Kumbe ni zabibu. Kreti moja lilipasuka, likapitia kwenye kioo kilichovunjika, likammwagikia. Alipofumbua macho aliniuliza mtoto yuko wapi. Alikuwa amevunjika kifundo cha mkono. Mpaka leo nikiona zabibu nyekundu zimepangwa barabarani, napandisha kioo.

Watu wa lori walisimama, wakatusaidia kuwatoa wote na kuliinua gari. Shemeji alikuwa anafuta vumbi, akalitazama lile tairi lililochanika kama kitambaa, akaniuliza nilinunua shilingi ngapi. Nikamwambia. Akasema mbele ya wote: "Gari la milioni kumi na mbili, tairi la elfu hamsini." Maneno hayo aliyarudia kwenye kikao cha familia. Leo Kihonda wapo wanaoniita Elfu Hamsini, wanacheka, nami nacheka nao. Nimeshawasomeshea watoto wao. Tuyaache hayo.

Dereva wa lori ndiye aliyenifundisha kwanza. Tairi likipasuka, usikanyage breki. Shika usukani kwa mikono miwili, linyooshe gari, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, mwendo ushuke wenyewe, ukishapungua ndipo utoke pembeni. Mimi nilikuwa na leseni miaka kumi na moja na sikuwahi kuambiwa.

Pili akanigeuzia mabaki. Upande wa ndani, ule unaoelekea chini ya gari, kwenye kiumbo kama yai, kulikuwa na tarakimu nne: 2109. Maana yake lilitengenezwa wiki ya 21, mwaka 2009. Tairi lilikuwa na miaka 12, na kashata zake nzuri! Mpira huzeeka hata ukilala stoo, hukauka, huota nyufa ndogondogo kama kisigino cha mtu wa kiangazi. Tarakimu hizo mara nyingi zimepigwa upande mmoja tu, na waliponifungia ule upande ulikaa ndani. Kwa bahati mbaya au kwa makusudi, mimi nina jibu langu.

Lakini siwezi kumwachia muuzaji lawama zote. Kuna lile la upepo, na hili naomba mnisikilize, maana bado nalisikia kila kijiwe mjini hapa: eti jua likiwa kali punguza upepo. Ni kinyume kabisa. Tairi lenye upepo pungufu hukaa bapa, na kila likizunguka ubavu wake hukunjwa na kukunjuka. Chukua kipande cha waya, kikunje na kukikunjua haraka mara ishirini palepale, kisha kiguse. Joto hilo ndilo lililolichana tairi langu. Waliolitengeneza walishajua kwamba upepo utapanda likipata moto, ndiyo maana wanataka upime asubuhi, gari halijatembea. Kipimo kipo kwenye stika ya mlango wa dereva. Gari za Japani huandika kwa kipimo cha kPa, kwa hiyo ukiona 240, hiyo ni kama PSI 35 kwenye geji ya kupimia upepo. Namba kubwa ya upepo iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe ni kikomo chake, usiijaze hiyo.

Na mzigo. Tairi langu lilikuwa limeandikwa ubavuni 195/65R15 91S. Hiyo 91 maana yake linabeba kilo 615, upepo ukiwa kamili. Noah tupu ni tani moja na nusu na ushee. Ongeza watu tisa, zabibu, karanga, kisha toa upepo. Piga hesabu mwenyewe, mimi nilipiga nikiwa nimechelewa.

Sasa nina magari matatu na geji yangu mwenyewe, inalala kwenye droo ya gari. Dereva wangu asiyepima asubuhi siku hiyo hatoki, alie asilie. Tunapima na tairi la spea, maana hilo ndilo husahaulika. Tundu la ubavuni hatuzibi, tunatupa tairi. Kashata zikishuka zikalingana na vile vinundu vilivyo ndani ya mifereji, zimebaki milimita 1.6, tairi limekwisha. Tunasoma namba. Ndugu zangu, someni namba! Mtu anakagua ngano ya chapati kama ina wadudu, halafu anawapakia watoto wa watu juu ya mpira asiojua umezaliwa lini. Mungu atakuuliza nini, kashata?

Kijana wa Nkuhungu nilimwambia alale chini aangalie upande wa ndani. Asubuhi hii katuma picha: 1713. Chini kaandika kwamba muuzaji kakubali kushusha hadi elfu hamsini. Nimempigia simu badala ya kuandika, na bado tunabishana.