Usimpunguzie pumzi za mashine huku umemlaza usingizi

Uache mpango huo kabla ya usiku wa leo, daktari. Umesema mgonjwa wako hapo Tabora yuko siku ya tano kwenye mashine ya kupumulia, nimonia yake imetulia, na unakusudia kumpunguzia kila siku pumzi mbili kati ya zile ambazo mashine humpa kwa dakika, huku dawa ya usingizi ikiendelea. Mpango huo niliufuata mimi hapa Kigoma.

Wangu alikuwa mvuvi aliyeletwa kwa boti, hajitambui, ana malaria kali. Siku ya nne vimelea vilikwisha, oksijeni ya asilimia 40 ilimtosha, na shinikizo la damu lilisimama bila dawa. Badala ya kumjaribu apumue mwenyewe, nilishusha pumzi za mashine kutoka 14 kwa dakika hadi 12, kesho yake 10, midazolamu, dawa ya usingizi, ikiendelea kudondoka, na kila alipopumua kivivu niliandika kwamba hayuko tayari, ilhali uvivu ule ulitokana na dawa niliyompa mimi. Siku ya tisa akapata nimonia inayotokana na kukaa kwenye mashine. Alikaa siku 21, na mkewe alilala koridoni muda wote huo.

Aliyenifundisha alisema mgonjwa huachishwa mashine polepole, kama mtoto anavyoachishwa ziwa. Alisema kwa uhakika mkubwa, wakati utafiti wa Hispania wa 1995 ulikwisha kuonyesha kwamba jaribio moja kwa siku la kupumua mwenyewe humtoa mtu kwenye mashine karibu mara tatu upesi kuliko kupunguza pumzi za mashine kidogo kidogo. Alikuwa na miaka mingi ya kuusoma. Hasira yangu kwake haijaisha.

Kila asubuhi simamisha dawa ya usingizi, isipokuwa mgonjwa ana degedege au sababu nyingine nzito ya kumlaza. Chicago walipofanya hivyo kwa wagonjwa 128, katika matokeo ya mwaka 2000, muda wa kati kwenye mashine ulikuwa siku 4.9 badala ya 7.3. Akiamka, mwachie msaada mdogo tu wa mashine kwa dakika 30, kisha gawanya pumzi zake za dakika moja kwa ujazo wa kila pumzi katika lita. Pumzi 30 za lita 0.3 ni 100, yaani chini ya kikomo cha 105, naye akikohoa kwa nguvu unaweza kufikiria kuutoa mpira wa kupumulia. Pumzi 35 za lita 0.25 ni 140: mrudishe, apumzike, umjaribu tena kesho yake.

Kwa hiyo kesho saa 12 asubuhi, bila kusubiri mzunguko wa madaktari, ongea na aliye zamu muifunge dawa hiyo. Akifumbua macho na kukubana mkono unapomwambia, anza kuhesabu.