Kusimba mashirika ya kale: amua kwanza yako mangapi

Tatizo kubwa la kanzidata za marejeo ya kihistoria huanza kabla hata alama ya kwanza ya XML, lugha ya kuwekea matini alama zinazosomwa na kompyuta, haijaandikwa. Watu hukimbilia kujaza rekodi bila kukubaliana shirika moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi.

Chukua East India Company ya Uingereza. Ilipewa hati ya kifalme mwaka 1600. Septemba 1698 ikapata mshindani, kampuni nyingine yenye hati yake, na mwaka 1709 hizo mbili zikaungana kwa jina jipya rasmi. Ukizibana zote katika rekodi moja, barua za mahasimu zitahesabiwa kuwa za mtu mmoja. Hapo zinahitajika rekodi tatu. Jina likibadilika peke yake, ongeza jina tu; hati ya kuanzishwa ikibadilika, au mashirika yakiungana au kugawanyika, fungua rekodi mpya.

Katika TEI, mwongozo wa kimataifa wa kusimba matini kwa XML, kila shirika linakaa kwenye elementi ya org ndani ya listOrg, likiwa na xml:id yake, yaani kitambulisho cha pekee. Kitambulisho hicho kisianze na tarakimu wala kisiwe na nafasi, la sivyo faili halitapita ukaguzi. Kisibebe jina wala mwaka pia. Mwaka ukisahihishwa kesho, itabidi uguse kila faili linalokirejelea. Kitu kama org0147 kinatosha. Kila namna ya jina ipewe orgName yake, yenye sifa za from na to kwa tarehe ya mwanzo na ya mwisho. Muungano uandike kwa relation: kampuni mbili za awali kwenye active, iliyozaliwa kwenye passive. Usitumie mutual, kwa kuwa haina mwelekeo, na programu haitajua ipi ilitangulia.

Tarehe ndizo zinazoumiza zaidi. Kabla ya 1752 England ilifuata kalenda ya Julius, na mwaka wake wa kisheria ulianza 25 Machi. Barua ya kampuni ile shindani ikiwa na tarehe 10 Februari 1698 itaonekana imeandikwa miezi kadhaa kabla kampuni yenyewe haijazaliwa. Kwa kalenda ya sasa, ya Gregory, hiyo ni 20 Februari 1699. Sifa ya when hupokea kalenda ya Gregory, kwa hiyo weka humo 1699-02-20, na tarehe ya asili iache kwenye matini kama ilivyo, ukitaja kalenda yake kwa calendar. Kama mwaka haujulikani kwa hakika, tumia notBefore na notAfter. Kubuni 1 Januari ni kumdanganya mtafiti atakayekuja.

Jambo jingine ni majengo. East India House lilikuwa jengo London, lakini waandishi walilitaja wakimaanisha wakurugenzi. “Nilifika East India House” ni mahali. “East India House imekataa” ni shirika. Soma sentensi nzima ndipo uchague placeName au orgName, na uamuzi huo uuandike kwenye mwongozo wa mradi ili msimbaji mwenzako asichague kinyume.

Namba za VIAF (orodha ya kimataifa ya majina ya maktaba) au Wikidata (kanzidata huria ya mtandaoni) ziweke kwenye idno, elementi ya namba za utambulisho, baada ya kuhakiki kwamba rekodi ya huko haijachanganya kampuni zote tatu.