Sefu ya bunduki ghorofani
Kaka, umeuliza kama ununue sefu la kilo 300 la kufungia bunduki. Kwa shotgani moja na chumba cha ghorofa ya pili hapo Shangani, Mtwara, achana nalo. Sakafu ya zege kwa kawaida inalibeba, shida ni zile ngazi za kona. Kabati la chuma la kilo 50 au 60 linatosha, ila lifunge kwa bolti kwenye nguzo ya zege. Kwenye tofali za mchanga bolti hulegea, na kabati lisilofungwa watu wawili wanashuka nalo. Mwambie mwenye nyumba kabla hujatoboa.

Mimi naogopa zaidi chumvi ya bahari. Mtwara hii chuma kinashika kutu upesi: futa mtutu kwa kitambaa chenye mafuta, weka vile vifuko vya kunyonya unyevu. Risasi zifungie pembeni, ufunguo tofauti.