Mama akionyesha kwa mdomo, Kiklingoni husemaje?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi ni fundi wa simu hapa Kondele, Kisumu. Wateja wakipungua najifunza Kiklingoni, ile lugha ya wapiganaji wa filamu za Star Trek. Maneno mia hivi ninayo. Kinachonishinda ni ishara za mwili. Mamangu akikukaribisha, kiti hukuonyesha kwa kubinua midomo tu, mkono hauinuki. Nimetafuta neno la kitendo hicho mpaka macho yakaniuma. Na "napandisha mabega" je? Na "tunaonana"?
Fundi, Kondele

JIBU: Sijambo, kijana wangu. Kwanza acha kutafuta neno. Kiswahili kimetudekeza: tuna kubinua, kukonyeza, kusonya, kila kiungo na kitenzi chake. Mwenye maneno mia ataje kiungo, aseme kinafanywa nini, basi. Mamako basi tumwandike hivi:

quS 'ang SoSwI'. nujDaj lo'.

Yaani "kiti aonyesha mamangu; mdomo wake atumia." Kitendwa hutangulia, kitenzi hufuata, mtenda huja mwisho. Ukiandika SoSwI' 'ang quS, kiti ndicho kitakachokuonyesha mama!

Mabega: volchaHDu'wIj vIpep. Hapa tua kidogo, maana ndipo penye raha. Hiyo -Du' ni wingi wa viungo vya mwili peke yake. Wenye kusema huchukua -pu', na vitu vingine -mey. Wenzetu wa Ulaya huikariri kwa jasho. Sisi tuliochapwa kwa ajili ya ngeli hatushtuki. Hata "-angu" imegawanyika: bega halisemi, kwa hiyo ni -wIj, bali mama anasema (na wako, nadhani, anasema sana), kwa hiyo ni SoSwI'. Nayo vI- mwanzoni mwa kitenzi imebeba mimi na hayo mabega kwa pamoja, kama "na-ya-" katika "nayapandisha". Sijui kama Marc Okrand, aliyeiunda lugha hii na kuchapisha kamusi yake mwaka 1985, aliwahi kutufikiria, lakini umeingia kwake ukiwa na funguo mfukoni.

"Tunaonana" ni maleghchuq. Ile -chuq mwishoni ni -ana yetu. Kujitenda ni -'egh, na kumfanya mwingine atende ni -moH: vIH ni kusogea, vIHmoH ni kusogeza. Kwa hiyo nachwIj vIvIHmoH, "kichwa changu nakisogeza." Hilo halitoshi, sababu msomaji hajui umekubali au umekataa. Ongeza HIja' ukikubali, ghobe' ukikataa. Kutabasamu ni mon na kucheka ni Hagh. Hayo hayahitaji kiungo, sema jImon, jIHagh, uendelee na simu za watu.

Jambo moja la kuangalia ni herufi kubwa. Kwenye Kiklingoni hazipo kwa ajili ya kuanzia sentensi. q na Q ni sauti mbili, na ya pili inakwaruza koo zaidi. Mjukuu wangu ndiye aliyenitia kwenye lugha hii nilipostaafu. Siku moja nikiwa kwenye foleni ya matatu hapa Nakuru nilimtumia ujumbe kwamba nimesimama. Qam ni kusimama, nilipaswa kuandika jIQam. Kidole kikateleza nikaandika jIqam, na qam ni mguu. Nikawa nimemwambia "nimeguu." Mpaka leo akinipigia hasemi shikamoo, anaanza na "Babu Mguu, umefika?"