Kibofu cha utumbo baada ya miaka 13: jibu kwa aliyeuliza kuhusu babake

Ndugu yetu wa Malindi ameuliza iwapo babake, anayetarajiwa kuondolewa kibofu kwa ajili ya saratani, akubali kutengenezewa kibofu kipya cha utumbo au avae mfuko wa kukusanyia mkojo tumboni, na hali huwaje miaka ikishapita. Mimi nilitolewa kibofu mwaka 2012 nikiwa na miaka 56, nikashonewa kingine kwa kipande cha utumbo mwembamba cha sentimita zipatazo 55, na ndicho ninachoishi nacho hapa Lamu.

Kibofu cha kuzaliwa nacho kikijaa hukuita, lakini hiki hukaa kimya. Utahisi uzito kidogo tu chini ya kitovu, kwa hiyo wa kukuita ni saa. Kila baada ya saa 3 au 4 huenda chooni, nikaketi, nikalegeza misuli ya chini na kukamua kwa tumbo. Mchana nilikauka, yaani mkojo uliacha kunivuja, baada ya miezi 6 hivi. Usiku ni habari nyingine, kwa sababu ule mwito wa kibofu kilichojaa, unaoufanya mlango wa mkojo ujikaze hata mtu akiwa usingizini, huondoka pamoja na kibofu chenyewe. Simu yangu hulia saa 5, saa 8 na saa 11 alfajiri. Hiyo ya mwisho hainiudhi, maana adhana nayo i karibu. Nikiipuuza ya saa 8, godoro hupanda darini kuanikwa.

Wazee wetu huogopa suala la udhu kuliko kisu, wala hawalitamki mbele ya daktari. Shehe wangu alinifahamisha kuwa asiyeweza kuuzuia mkojo hujisafisha, akajifunga kitambaa, akatawadha baada ya wakati kuingia, akasali, na hufanya hivyo kwa kila faradhi. Mzee aelezwe haya kabla ya kulazwa.

Utumbo nao haukuacha kazi yake ya kutoa ute. Miezi ya mwanzo ulitoka kama ute wa yai bichi, na siku moja uliziba njia kabisa nikiwa kwenye mashua ya Mokowe. Tangu hapo sitoki bila mpira wa mkojo mfukoni. Vilevile, mkojo wa kibofu hiki ukipimwa mara nyingi huonyesha vijidudu hata kama mtu hana ugonjwa. Zahanati moja ilinipa antibiotiki mara 3 kwa mwaka, sina homa wala maumivu, mpaka daktari wangu akazikataza.

Lakini yanayostahili kuogopwa zaidi huja polepole. Utumbo, ambao umeumbwa kufyonza, hufyonza tena sehemu ya uchafu uliomo kwenye mkojo, damu ikazidi asidi, na mtu akachoka, akakosa hamu ya kula, na mifupa ikapungua nguvu kadiri miaka inavyokwenda. Mimi hunywa vidonge vya sodiamu baikaboneti. Vitamini B12 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo huohuo, na kwa kuwa ini huwa na akiba ya miaka kadhaa, upungufu huweza kujitokeza wakati mgonjwa ameshajiona amepona. Figo ndizo zilizonitia adabu. Kwa miaka 4 sikwenda kupimwa kwa kuwa sikuumwa popote, na nilipokwenda, picha ilionyesha figo ya kushoto imevimba, kwani mrija wake ulikuwa umebana pale uliposhonewa. Ulifanyiwa upasuaji, lakini figo haikurudia nguvu zake zote. Sasa napiga picha ya figo na kupima damu kila mwaka, nauli ya Mombasa iwe nzito namna gani.

Kwa hiyo, kama figo za mzee tayari ni dhaifu, au mikono yake inatetemeka kiasi cha kushindwa kujitia mpira mwenyewe, au hayuko tayari kuamshwa na kengele, kwa maoni yangu achague mfuko. Mfuko nao unahitaji figo ziangaliwe, lakini mkojo haulali ndani, na usiku huungwa na mfuko mkubwa zaidi, mtu akalala hadi asubuhi.