RAM, diski na flashi: majibu kwa wasomaji wa Kigoma

Fundi, laptopu yangu imeandikwa 4 GB na 500 GB. Kumbukumbu ni ipi? (Ujiji)

GB 4 ni RAM, ndiyo kumbukumbu. Humo hukaa kazi unayoifanya sasa hivi. GB 500 ni diski, na humo mafaili hubaki hata ukizima. Muuza dagaa wa Kibirizi ana mzigo ulio mezani na mzigo ulio stoo. Ndivyo zilivyo hizi mbili. Umeme ukikatika kwenye kompyuta isiyo na betri, kilichokuwa kwenye RAM kimepotea. Tafadhali bonyeza Ctrl na S kuhifadhi kila umalizapo aya.

Nimenunua diski ya GB 500, Windows inaonyesha 465. Nimeibiwa? (Kasulu)

Hujaibiwa. Kiwanda huhesabu GB 1 kuwa baiti bilioni 1. Windows huhesabu baiti 1,073,741,824. Wanaoibiwa ni wanunuzi wa flashi za "2 TB" (yaani GB 2,000) za bei ya kutupa. Zimechezewa zitangaze nafasi zisiyo nayo: majina ya mafaili unayaona, ukifungua hayafunguki. Ijaze, ichomoe, irudishe, kisha fungua mafaili uliyoweka mwisho. Fanya hivyo kabla hujaweka picha za harusi ya mtu.

Kompyuta ya steshenari yangu inaganda, fundi anataka niongeze RAM. Nikubali? (Mama wa Mwanga)

Subiri kwanza, mama, hela yako isiende bure. Ikianza kuganda, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, uangalie asilimia. Memory, yaani RAM, ikiwa imepita 90, fundi yuko sahihi. Lakini kama Disk ndiyo iko 100 na Memory ina nafasi, RAM mpya haitakusaidia. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na kichwa kinachotafuta data huku na huko. SSD, diski ya kisasa ya chipu, haina kitu kinachozunguka, ndiyo maana ni ya haraka mno. Kwa kompyuta ya mtumba yenye diski ya namna hiyo, mimi ningeanza na SSD.

Ukiamua RAM, mwambie fundi aichomoe ya zamani muisome pamoja. DDR3 na DDR4 ni aina za RAM; DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4, na ya laptopu ni fupi kuliko ya kompyuta ya mezani. Tena, Windows ya biti 32 kwa kawaida haitumii zaidi ya GB 4, hata ukiweka 8.

Simu yenye GB 128, hiyo ni RAM? (Uvinza)

Hapana, ni hifadhi. RAM ni ile namba ndogo, kama 4 au 6.